Chembe kipi cha mshale ni kikali kuliko vyote? Swali lenyewe limekaa vibaya

Mjomba wangu kule Mkalama, Singida, ana podo la ngozi linaning'inia ukutani sebuleni kwake, na ndani yake imebaki mishale mitatu tu. Wa kwanza hauna chuma kabisa, ni mti mtupu umechongwa ncha, huo wa ndege na pimbi. Wa pili una chuma kimefuliwa kikakaa kama jani, kirefu kuliko kidole changu cha kati, kinakata pande zote mbili. Wa tatu ndo ule tuliokatazwa kuugusa tangu tuko wadogo: ncha yake ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, nyuma ya ncha kuna shingo ndefu nyembamba ya chuma yenye vikulabu vinavyoangalia nyuma, na juu ya hiyo shingo imezungushwa ngozi laini ikakazwa na kano. Nilipokuwa darasa la tano nilimuuliza, upi mkali zaidi? Akanitazama akasema, "Mkali kwa nani, mjomba?"

Hilo swali lake linanirudia kila nikikuta watu wanabishana chembe gani cha mshale ni bora. Chembe ndo hicho kichwa cha mshale, wengine wanaita kigumba, mi nitatumia chembe na wingi wake vyembe. Na ubishi huo huwa unaishia palepale: lazima atatokea mtu aseme bora ni bodkini, ile sindano nene ya pembe nne ya wapiga upinde wa Kiingereza wa zama za kati, kwamba ilikuwa inatoboa deraya za chuma za mabwana vita wa Ufaransa kama unavyotoboa karatasi, na ndo maana Waingereza wakashinda Crécy mwaka 1346, Poitiers 1356 na Agincourt 1415. Hadithi tamu, na ina ukweli ndani yake, ila imechanganywa vitu vitatu au vinne tofauti vikawa kimoja. Nataka nivitenganishe.

Tuanze na jambo la msingi kabisa. Mshale hauui kama risasi. Risasi ya bastola ya kawaida ya milimita 9 inatoka na nishati ya jouli kama 500, risasi ya bunduki ya vita inafika elfu tatu na zaidi, inapoingia inasukuma nyama pembeni kwa nguvu na kuharibu hata sehemu ambazo haikuzigusa. Mshale mzito wa vita wenye gramu 80, ukitoka kwenye upinde mkali sana kwa mwendo wa mita 50 hivi kwa sekunde, una jouli 100 tu. Ni tano moja ya bastola! Kwahiyo mshale hauna nguvu ya kupasua, una kazi ya kukata au kutoboa, basi, na hizo jouli 100 lazima fundi aamue azitumie wapi. Akizikusanya kwenye ncha nyembamba, mshale unazama ndani lakini tundu linakuwa dogo. Akizitandaza kwenye makali mapana, jeraha linakuwa kubwa lakini kitu kigumu kitauzuia. Chembe chochote unachokiona duniani, cha Japani, cha Uingereza, cha Ziwa Eyasi, ni uamuzi wa mhunzi kuhusu matumizi ya hizo jouli chache, na huwezi kujua kama uamuzi ulikuwa mzuri mpaka ujue mshale ulikuwa unaenda kukutana na nini.

Sasa chukua mawindo. Mnyama hana deraya, ana ngozi, nyama, mbavu, na nyuma ya mbavu kuna mapafu na moyo. Ukipitisha mshale kwenye mapafu yote mawili ukakata mishipa mikubwa, presha ya damu inaporomoka na ubongo unakosa hewa, mnyama anakimbia kidogo anaanguka. Ukipitisha sindano nyembamba mahali palepale, nyama inajifunga nyuma ya uti, yaani ule mti wa mshale, damu inatoka kidogo, mnyama anaenda kilomita na kilomita na pengine anakufa siku ya tatu porini, hakuna aliyemla ila fisi. Kwahiyo mwindaji asiye na sumu anataka makali mapana, na anataka yawe makali kweli, maana makali butu yanaisukuma mishipa ya damu pembeni badala ya kuikata. Mshipa wa damu unateleza, ni kama mpira wa maji, ukiugusa na kisu butu unakwepa. Ndo maana huko Marekani ambako uwindaji wa upinde unaruhusiwa kwa leseni, baadhi ya majimbo yameandika kwenye sheria kwamba chembe cha kuwindia wanyama wakubwa kisipungue upana wa inchi 7/8, kama milimita 22, na baadhi wamekataza kabisa kulabu za kuangalia nyuma, ili mnyama aliyejeruhiwa na kutoroka aweze kuutoa mshale au udondoke wenyewe.

Lakini upana nao una gharama yake. Chembe kipana sana kikigonga mfupa wa bega kinasimama, na kikiwa hewani kinafanya kazi kama bawa, upepo unakivuta kando na mshale unayumba, hapo manyoya ya nyuma lazima yawe makubwa ya kuurudisha. Wawindaji wengi wazoefu wa pinde za asili wanapendelea chembe chembamba kiasi, urefu mara tatu ya upana, maana mteremko wa makali unakuwa mrefu na kinaingia kwa kukata taratibu, kama unavyokata nyama kwa kuuvuta kisu badala ya kuusukumiza chini. Jani la mjomba liko hivyohivyo kabisa, nimelipima kwa rula, sentimita 9 kwa 3, na aliyelifua hakuwa na kitabu chochote. Siku hizi kuna vyembe vya kiwandani ambavyo makali yake yanajifungua yakigusa mnyama, hewani vinaruka vizuri, ila kule kujifungua kunakula sehemu ya zile jouli, kwahiyo kwa mnyama mkubwa mwenye mifupa minene watu wengi hawaviamini na mi naona wana haki.

Halafu ndege na wanyama wadogo ni kitu kingine kabisa. Hapo huhitaji kukata chochote, unahitaji kugonga. Wahadzabe wanaotumia mshale wa mti mtupu kwa ndege wana sababu, chuma ni mali, hutaki kipotee kwenye majani kwa ajili ya kanga mmoja. Na kule Skandinavia zamani walikuwa na vyembe butu kabisa, kama rungu dogo, vya kuwindia wanyama wa manyoya ya biashara kama kindi, kwa sababu tundu moja kwenye ngozi linashusha bei. Tuna methali yetu inasema mshale kwenda msituni haukupotea, maana unaweza ukawa umepata kitu huko ndani, lakini mwindaji mwenye mishale miwili ya chuma anachagua vizuri upi wa kuutuma.

Sasa tuje kwenye ule wa tatu wa mjomba, maana hapa ndo watu wanaoandika kuhusu vyembe kwa kuangalia Ulaya peke yake wanakosa nusu ya habari. Sumu inabadilisha kila kitu. Ukishakuwa na sumu nzuri huna haja ya kukata mapafu, huna haja ya jeraha kubwa, unahitaji tu kuvuka ngozi na kufikisha dawa kwenye damu na kuiacha humo ndani. Kwahiyo chembe kinakuwa kidogo, kinazama kirahisi, na ile shingo ndefu nyuma ya ncha ndo ya muhimu kuliko ncha yenyewe kwa sababu ndo inabeba sumu. Vikulabu vinazuia mshale usitoke. Ile ngozi laini iliyozungushwa juu nilikuwa nadhani ni pambo, kumbe ina kazi mbili: inazuia sumu isikauke na kubanduka, na inamlinda mwenye podo asijichome. Anaivua tu pale anapotaka kufuma.

Sumu inayojulikana zaidi Afrika Mashariki inatoka kwenye mti unaoitwa msunguti. Ndani yake kuna kemikali inaitwa wabaini, jina linatoka kwenye Kisomali, waabaayo, na mkemia Mfaransa Léon-Albert Arnaud ndiye aliyeitenga mwaka 1888. Kazi yake ni kwenye moyo. Kila seli ya msuli wa moyo ina pampu ndogo ya kutoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu, wabaini inaifunga hiyo pampu, chumvichumvi ndani ya seli zinavurugika, moyo unapiga ovyo na kusimama. Na kitu kilichowaruhusu watu kula hiyo nyama ni kwamba wabaini ikipita tumboni hainyonywi vizuri, hatari yake iko ikiingia kwenye damu moja kwa moja, ndo maana wanakata ile nyama ya kuzunguka jeraha wanatupa, iliyobaki inapikwa. Hata kuna panya mmoja wa huku kwetu, mkubwa mwenye manyoya marefu na mistari ubavuni, watafiti walitangaza mwaka 2011 kwamba anatafuna gamba la msunguti na kujipaka mate yake kwenye manyoya ya ubavu, mbwa akimng'ata anajuta. Panya amegundua mshale wenye sumu kabla ya binadamu, au walau naye kafika palepale kwa njia yake.

Waata wa upande wa Tsavo, Kenya, wale ambao wengi waliwaita Waliangulu, walikuwa wanaua tembo kwa huu mfumo. Hebu fikiria, tembo, kwa mshale. Pinde zao zilikuwa ngumu kuvuta kiasi cha kukaribiana na pinde za vita za Waingereza, zinafika pauni 100 na kuzidi, na zilihitajika hivyo kwa sababu ngozi ya tembo ni nene na chembe lazima kiivuke ili shingo yenye sumu ifike ndani. Wahadzabe nao wana pinde kali, wakishamfuma mnyama mkubwa kwa mshale wa sumu hawamkimbizi, wanamwacha, wanarudi baadaye kufuata nyayo. Vyembe vyao vingi ni misumari ya kawaida ya dukani iliyopondwa bila moto, jiwe kwa jiwe, mpaka ikawa bapa na ikatoka makali, vingine wanabadilishana na wahunzi wa Kidatoga. Msumari! Ukiupima huo msumari kwa vipimo vya kutoboa deraya ungeutupa, lakini kwa kazi yake umetosha na kubaki. Miaka ya 1950 Waata wengi walikamatwa kwenye operesheni za kuzuia ujangili Tsavo, Kenya ikafunga uwindaji mwaka 1977, na ujuzi mwingi wa zile pinde ukaondoka na wazee.

Basi tuvuke twende Ulaya, kwenye vita, maana ndo kwenye ubishi mkubwa.

Kosa la kwanza ni kudhani askari wa zama za kati alivaa kitu kimoja. Alivaa vitu vitatu, na mara nyingi kimoja juu ya kingine. Chini kabisa kuna koti la vitambaa, tabaka kwa tabaka za kitani zimeshonwa pamoja mpaka zikawa nene kama godoro jembamba, na maskini wengi walikuwa na hilo tu. Juu yake kuna deraya ya pete, maelfu ya vipete vya chuma vimeunganishwa kama wavu. Na kuanzia karne ya 14 yanaongezeka mabamba ya chuma, kwanza kifuani na magotini, baadaye mwili mzima. Sasa kila kimoja kinataka chembe chake. Kitambaa chenye tabaka nyingi kinaishinda ncha nyembamba kuliko watu wanavyodhani, sindano inayasukuma mafundo ya nyuzi na kukwama, lakini makali yanazikata nyuzi yanapita. Deraya ya pete ni kinyume chake, makali mapana yanakumbana na pete tano sita kwa pamoja na nguvu inagawanyika, wakati sindano ndefu nyembamba inaingia ndani ya pete moja na kuilazimisha ifunguke. Hapo ndo bodkini ndefu ilikuwa na maana yake, zile za urefu wa kidole kizima, nyembamba kama msumari wa inchi nne. Na ukishaelewa hilo unaelewa kwanini hiyo bodkini ndefu ni chaguo baya kwa bamba: ikigonga bamba kwa kishindo inajikunja kama msumari uliopigwa vibaya na nyundo.

Kwa bamba walikuwa na bodkini fupi, nene, ya pembe nne, kama piramidi ndogo. Hiyo haijikunji kirahisi. Je, inatoboa? Inategemea unene, ubora wa chuma na pembe ya kugonga. Hesabu yake iko hivi: bamba likiwa nene mara mbili, nishati ya kulitoboa haiongezeki mara mbili, inaongezeka kama mara tatu. Na mshale ukija kwa kuinama nyuzi 45 unahitaji karibu nusu nzima zaidi ya nishati ukilinganisha na uliokuja wima. Mafundi wa deraya walijua hili kwa mikono yao, ndo maana kifua cha deraya nzuri kimetuna katikati kama tumbo la njiwa, mshale ukija unateleza pembeni, na pale katikati wameweka chuma kinene kuliko kwenye mbavu. Mwaka 2019 mafundi na wanahistoria wa Uingereza walijaribu mbele ya kamera, wakachukua upinde wa pauni 160, mishale mizito, na bamba la kifua lililofuliwa kwa mfano wa siku za Agincourt, wakapiga kutoka umbali mfupi tu wa mita 25 na hata 10. Kifua hakikutobolewa. Mishale ilivunjikavunjika, vipande vikaruka juu kuelekea shingoni na kwenye mikono, na hilo lenyewe ni somo, ila kifua kilibaki kizima.

Upinde wa pauni 160, nieleze kidogo, ni kilo 72. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Huyo mpiga upinde anavuta mfuko mmoja na karibu nusu ya pili kwa vidole vitatu, halafu anarudia. Na hizo pauni hazijatungwa, zimetoka kwenye pinde zenyewe za meli ya kivita Mary Rose iliyozama mwaka 1545 ikaibuliwa 1982, ndani yake walikuta pinde nzima 137 na mishale zaidi ya 3,500, na makadirio ya pinde zake ni kati ya pauni 100 na 185.

Kuna jambo lingine lilinishangaza kuliko yote. Kama bodkini ilikuwa silaha ya kutoboa deraya, ungetegemea iwe ya chuma kigumu cha pua. Lakini wataalamu wa jumba la silaha la Royal Armouries walipochunguza undani wa chuma cha vyembe vya zama za kati, bodkini walizozipima zilikuwa chuma laini tu cha kawaida. Kilichokuwa na chuma cha pua ni chembe kingine ambacho watu hawakitaji, kifupi, chenye kulabu mbili zilizobanwa karibu na mwili, kwenye orodha ya makumbusho ya London kimepewa namba 16. Mhunzi alichomelea kipande cha chuma kigumu kwenye ncha na makali yake. Ukikitazama kimekaa katikati ya mambo yote: si kipana kama cha mawindo, si chembamba kama sindano, kina makali ya kukata kitambaa na nyama, kina ncha ngumu, kina kulabu za kukaa ndani. Kwangu mi huyo ndiye bingwa halisi wa vita vile, kwa sababu mpiga upinde akiwa mstarini hajui kama mshale wake utaangukia bamba, pete, kitambaa, uso au paja la farasi, na alihitaji chembe kinachofanya vizuri kiasi kwa vyote. Bodkini laini ilikuwa na sifa nyingine ambayo wapenzi wa silaha hawaipendi kuisikia: ni rahisi na haraka kutengeneza, na mfalme alihitaji mishale laki kadhaa.

Na penye kazi ya haraka na mali ya serikali, unajua kinachotokea. Mwaka 1406 bunge la Uingereza chini ya Henry wa Nne lilitunga sheria kabisa kulalamikia wafua vyembe wanaouza vyembe vibovu, likaagiza vyembe vyote viungwe vizuri na ncha zake zikazwe kwa chuma cha pua, na kila mhunzi apige alama yake kwenye kazi yake ili akikutwa na ubovu ajulikane, vyembe vinyang'anywe na yeye afungwe. Ukisoma sheria hiyo unajua mara moja kwamba vyembe laini vilikuwa vimejaa mpaka vikawa kero.

Sasa kama bamba la kifua halikutobolewa, mishale ilishindaje? Jibu zuri nalipata Poitiers, 1356. Mwandishi wa habari za wakati ule, Geoffrey le Baker, anaeleza kwamba farasi wa Kifaransa walikuwa wamevishwa kinga upande wa mbele, na mishale ikiwagonga inavunjika au inarukia juu. Earl wa Oxford, mmoja wa makamanda wa Kiingereza, akaona kinachoendelea, akawahamisha wapiga upinde pembeni, wakaanza kuwapiga farasi makalioni ambako hapakuwa na kitu. Farasi wakageuka wakaishiwa akili, wakawakanyaga wenzao. Chembe kilekile, upinde uleule, kilichobadilika ni mahali kilipofikia. Na Agincourt tarehe 25 Oktoba 1415 ni hivyohivyo, matope ya shamba lililolimwa, watu wenye mabamba wanatembea wameinamisha vichwa kwa sababu tundu la macho kwenye chapeo ni mlango wa mshale, mishale inashuka kama mvua ya masika kutoka pande zote mbili, mpiga upinde mzuri anatoa kama kumi kwa dakika. Wengi hawakufa kwa mshale. Walisongamana, wakachoka, wakaanguka, na wapiga upinde wakaja na nyundo za mbao na mapanga. Mshale ulikuwa umewafunga macho, umewaua farasi, umewachosha, umetafuta kwapa na koo na uso.

Na kuhusu uso, kuna mtu alijua vizuri. Huyo mfalme aliyeshinda Agincourt, Henry wa Tano, miaka 12 kabla, tarehe 21 Julai 1403, akiwa kijana wa miaka 16, alipigwa mshale usoni kwenye vita vya Shrewsbury, ukaingia pembeni ya pua ukazama inchi sita. Wakauvuta uti ukatoka, chembe kikabaki ndani ya mfupa. Hapa ndo unaona kwa nini namna chembe kilivyofungwa kwenye uti ni sehemu ya silaha yenyewe: vyembe vya Kiingereza vina shimo nyuma kama kofia ya kalamu, uti unachomekwa humo, ukivuta unachomoka peke yake. Vyetu vingi ni kinyume, chembe kina mkia unaoingia ndani ya uti na kufungwa kwa kano, lakini matokeo yakawa mamoja. Daktari mpasuaji wa London, John Bradmore, ndiye aliyeitwa. Alitengeneza vijiti, akavizungushia kitani na kuvichovya kwenye asali ya waridi, kidogo kidogo akivinenepesha, ili kidonda kipanuke mpaka chini. Halafu akabuni koleo dogo jembamba lenye skrubu katikati, akaliingiza kupitia jeraha mpaka likaingia ndani ya lile shimo la chembe, akazungusha skrubu, mikono ya koleo ikatanuka ikakishika chembe kwa ndani, akakitikisa huku na huku taratibu mpaka kikatoka. Akaosha kwa divai nyeupe, akaendelea na asali siku kama 20. Aliandika yote hayo mwenyewe, na kijana akapona akiwa na kovu. Lile shimo alilolitengeneza mhunzi kwa ajili ya uti ndilo lililompa daktari mahali pa kushika.

Niseme kidogo kuhusu vile vyembe vya ajabu vya mwezi mchanga, vyenye pembe mbili mbele kama jembe lililogeuzwa, maana watu hupenda kusema vilikuwa vya kukata kamba za merikebu. Kamba iliyokazwa ukiigonga ungeweza kuikata, lakini vingi ni vya mawindo. Wajapani wanaviita karimata. Na Herodian, mwanahistoria wa Kirumi, anaandika kwamba mfalme Commodus alivitumia uwanjani Roma kukata shingo za mbuni waliotolewa Mauretania, nchi ya zamani kule Afrika Kaskazini, ndege anaendelea kukimbia hatua kadhaa bila kichwa. Shingo nyembamba inayoyumba, sindano ingeikosa au ingepita bila kuiangusha, mwezi mchanga unaikumbatia. Hata hapo, mkali kwa nani.

Mwaka jana nilikuwa Mkalama nikamsimulia mjomba habari za Bradmore na koleo lake. Alisikiliza mpaka mwisho, akauchukua ule mshale wa tatu, akashika shingo ya chuma kwa kitambaa, akanionyesha pale kinapoingia kwenye uti: kano imezungushwa mara tatu tu, imelegea kwa makusudi. "Uti unarudi," akasema, "hiki kinabaki." Enzi za sungusungu, miaka ya 80, walipokuwa wanafukuza wezi wa ng'ombe, kila mtu alijua hivyo, na hakuna aliyekuwa na Bradmore.

Ile mishale ya Mary Rose ukiiona ni miti tu. Uti umebaki, ncha ya mti imechongwa kwa kutegemea kofia ya chuma, lakini vyembe vyenyewe vimeliwa na chumvi ya bahari kwa miaka 437. Vya mjomba bado vipo, kila baada ya masika anavishusha anavipaka mafuta ya ng'ombe, wa tatu kwa kitambaa kirefu zaidi.